Mgonjwa Haulizwi Uji. Na Kisu Je?

Msemo wa "mgonjwa haulizwi uji" ulizaliwa na huruma. Aliyelala hana hamu ya kula. Ukimwuliza atakataa, basi mpikie tu umpelekee, akishaonja atakunywa. Mzazi wa Mji wa Kale wa Mombasa, awe wa Kibokoni au wa Kuze, hutunzwa kwa kanuni hiyo siku zake zote arobaini. Hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa tumbo, huletewa mchuzi wenye pilipili manga, na hakuna anayesubiri ridhaa yake. Mara nyingi mwenyewe hushukuru. Shida huanza kanuni hii ya nyumbani inapovuka mlango wa leba, kwa sababu huko kinacholetwa si uji. Huletwa dripu ya kuongeza uchungu, vidole vya mtu asiyemjua vya kupima njia, mkasi wa kuongeza njia, na pengine kisu.

Mjadala huu haraka hugeuka kuwa wa kulaumu hospitali, kwa hiyo liwekwe wazi jambo moja mapema. Kwa hesabu iliyotokana na sensa ya 2019, Kenya hupoteza akina mama 355 kwa kila vizazi hai 100,000, na wengi wao hufa kwa mambo ambayo hospitali yenye damu, dawa na chumba cha upasuaji huyazuia. Hakuna anayewapenda wanawake wa Mombasa atakayewaambia wakazalie nyumbani. Swali ni jingine: nani huamua kinachofanyiwa mwili wa mwanamke aliye katika uchungu, na kwa nini mengine hufanywa bila sababu ya kitabibu wala yeye kuulizwa? Ninavyoona mimi, mambo haya mawili hayatengani. Pasipo kuulizwa ndipo yasiyo ya lazima hupenya. Na mwanamke ambaye hakuna anayemwuliza ndiye huyo huyo ambaye hasikiki anaposema "mtoto hachezi kama jana", pale upasuaji unapohitajika kweli na unapochelewa.

Tuanze na kisu, maana ndicho chenye hesabu. Uchunguzi wa kitaifa wa demografia na afya wa 2014 ulikuta asilimia 9 ya vizazi hai nchini vilikuwa vya upasuaji. Ule wa 2022 ukakuta asilimia 17. Kiwango kimekaribia maradufu kwa miaka minane. Shirika la Afya Duniani lilianza kutaja kipimo cha asilimia 10 hadi 15 tangu 1985, katika mkutano uliofanyika Fortaleza, Brazili. Mwaka 2015 likafafanua kwamba upasuaji ukishapita asilimia 10 ya vizazi vya nchi, hakuonekani tena kupungua kwa vifo vya akina mama na watoto wachanga kwa sababu yake. Likaongeza sentensi ambayo wanaolinukuu huiacha: kazi si kufikia namba fulani, kazi ni kumfikishia upasuaji kila mwanamke anayeuhitaji.

Ukilinganisha na kwingine, Kenya haijafika pabaya. Mfululizo wa makala yaliyochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2018 ulionyesha kwamba upasuaji wa uzazi duniani ulipanda kutoka asilimia 12 mwaka 2000 hadi 21 mwaka 2015, Amerika ya Kusini na Karibi wakiwa wamepita 44, huku Afrika ya Mashariki na Kusini ikiwa na asilimia 6 na ushei tu. Miongoni mwa waandishi wake alikuwamo Marleen Temmerman, daktari wa Ubelgiji aliyefanya kazi Kenya kwa miongo mingi, na ambaye kituo alichokianzisha Ghent kina ndugu yake hapa hapa Mombasa, kile cha utafiti wa afya ya uzazi kinachojulikana kwa kifupi chake, ICRH.

Ila wastani wa taifa una tabia ya kuficha. Katika kisiwa hiki kidogo hospitali kubwa zimepangana: Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wenyeji wengi bado huiita Makadara, Aga Khan, Pandya, na Hospitali ya Mombasa iliyo hatua chache kutoka Mji wa Kale. Mwenye bima nzuri au mume mwenye uwezo ana milango kadhaa ya vyumba vya upasuaji ndani ya safari fupi ya tuktuk. Aliye ng'ambo ya Likoni, akipewa rufaa usiku, bado anahesabu feri. Barabara ya Dongo Kundu sasa inazunguka, lakini kwa mwenye mtoto aliyekwama kuzunguka si habari njema. Takwimu za kitaifa zinasema hivyo hivyo kwa lugha yake: mwanamke tajiri wa mjini hupasuliwa mara nyingi zaidi ya maskini wa shamba, ingawa hakuna sababu ya maumbile ya kuwafanya wa kwanza washindwe kuzaa na wa pili waweze. Watafiti wa uzazi wana namna ya kulisema hili, kwamba baadhi ya wanawake hupata kidogo mno na kwa kuchelewa mno, na wengine hupata kingi mno na mapema mno. Mombasa ina wote wawili, na mara nyingine wametenganishwa na maji ya kivuko tu.

Kwa nini kisu kimezidi? Ukiuliza barazani jibu liko tayari: pesa. Jibu hilo lina ukweli wake. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya mfuko wa taifa wa bima ya hospitali, NHIF, Oktoba 2024, hulipa shilingi 10,000 kwa kuzaa kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji, na pale mgonjwa anapolipa mfukoni tofauti huwa kubwa zaidi. Tena upasuaji huisha kwa muda usiofika saa moja na unaweza kupangwa Jumanne asubuhi, ilhali uchungu wa mtoto wa kwanza unaweza kukesha na daktari akakesha nao. Mfumo unaolipa mara tatu kwa kazi fupi unajua utapata nini.

Pesa peke yake, hata hivyo, haielezi yaliyotokea Muhimbili. Katika hospitali hiyo ya taifa ya Tanzania, watafiti waliopitia kumbukumbu za vizazi walikuta upasuaji umepanda kutoka asilimia 19 mwaka 2000 hadi 49 mwaka 2011, na kupanda huko kulikuwamo hata kwa wanawake wasio na hatari yoyote ya kutisha. Walipokaa na madaktari na wakunga kuwauliza, waliloambiwa zaidi ni hofu. Mtoto akifa baada ya saa nyingi za kusubiri, asubuhi kwenye kikao kila mtu huuliza kwa nini hukupasua. Akizaliwa mzima kwa kisu ambacho hakikuhitajika, hakuna kikao. Daktari hulaumiwa kwa upasuaji ambao hakuufanya, halaumiwi kwa aliofanya bure. Kwa sheria ya lawama ya namna hiyo, hata mtu mwadilifu asiyepata senti ya ziada ataishia kupasua. Ongeza kwamba aliyepasuliwa mara moja mara nyingi hupasuliwa tena, na kwamba mikono iliyojua kumzalisha mtoto aliyetanguliza makalio inazidi kupungua, utaona kwa nini mstari haushuki.

Na kisu si kitu cha kupewa mtu kama zawadi ya kumwepusha na uchungu. Utafiti wa upasuaji uliofanywa katika nchi 22 za Afrika na kuchapishwa 2019 ulikuta kwamba mwanamke mmoja hivi katika kila 200 waliojifungua kwa upasuaji alifariki, kiwango kinachokadiriwa kuwa mara 50 ya kile cha nchi tajiri. Damu na matatizo ya ganzi vilikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Sehemu ya tofauti hiyo ni kwamba wengi hupasuliwa wakiwa tayari wako taabani, hilo ni kweli. Lakini kovu hubaki hata kwa aliyekuwa mzima: katika mimba zinazofuata kondo linaweza kujishika juu ya kovu na lisibanduke, au mfuko wa uzazi ukapasuka uchungu ukianza. Bibi harusi wa miaka 22 anayetaka watoto watano anastahili kulijua hilo kabla ya kovu la kwanza, si anapokuja kliniki na mimba ya tatu.

Kisu kinaonekana, kinaacha risiti na alama. Yanayonisumbua zaidi ni yale madogo, ambayo hata kwenye kadi hayaandikwi, au huandikwa kwa herufi tatu za haraka.

Kuongeza njia ni mfano mzuri. Mkasi huu wa msamba haukuingia leba kwa ushahidi. Mwaka 1920 daktari Joseph DeLee wa Chicago alishauri kwamba uzazi wenyewe una madhara kiasi cha kustahili kukata msamba na kutumia koleo kama kinga, na wazo hilo likafundishwa vizazi na vizazi, likafika hadi kwenye shule zetu za ukunga. Ilichukua zaidi ya miaka 60 watu kukaa na kulipima. Walipolipima walikuta kinyume: wakunga wanaokata pale tu panapohitajika huacha wanawake wachache zaidi wenye michaniko mibaya kuliko wanaokata kila anayezaa kwa mara ya kwanza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 haupendekezi kukata kama desturi. Pamoja na hayo bado wako wanawake Mombasa wanaojua kwamba waliongezewa njia pale tu walipoambiwa "lala vizuri nikushone". Mtu amekatwa nyama ya mwili wake, na habari anaipata kutoka kwa sindano.

Dripu ya uchungu ina historia ya kuvutia zaidi, na inatuhusu. Mwaka 1955 daktari Emanuel Friedman alichora mchoro wa jinsi njia inavyofunguka, na kutokana nao ukaenea ule wastani wa sentimita moja kwa saa. Mwaka 1972 watafiti Philpott na Castle, wakifanya kazi Rhodesia, ndiyo Zimbabwe ya leo, wakauongezea mistari ya tahadhari, ili mkunga wa zahanati ya mbali ajue saa ya kumpeleka mama hospitali. Ilikuwa kazi ya maana, iliyotengenezwa Afrika kwa hali ya Afrika. Ila chombo cha kumwambia mkunga "mpeleke" polepole kikageuka kuwa cha kumwambia "mharakishe". Mwongozo wa 2018 umekiri kwamba sentimita moja kwa saa ni mwendo mkali mno kwa wanawake wengi, na kwamba njia inaweza isianze kukimbia hadi ifike sentimita tano. Sasa mfikirie mama anayelazwa akiwa na sentimita tatu, anaambiwa uchungu wake mzembe, anatundikiwa dripu. Uchungu unakuja juu kwa juu, moyo wa mtoto unayumba, na daktari anaitwa kuokoa hali. Atapasuliwa kwa sababu ya kweli kabisa, mtoto amechoka. Kwenye faili lake hakutaandikwa kwamba safari ilianzia kwenye haraka.

Kwamba hili linarekebishika limethibitishwa karibu nasi. Pale Mnazi Mmoja, Unguja, kati ya 2014 na 2016, wakunga na madaktari wa hospitali hiyo pamoja na watafiti wa Denmark walitunga kijitabu cha kuingia mfukoni mwa sare, chenye maelekezo mafupi yaliyopimwa kwa hali halisi ya wodi ile: lini usikilize moyo wa mtoto, lini dripu, lini usubiri. Wakafanya na semina fupi za kurudiwa. Watoto waliozaliwa wafu wakapungua kutoka 59 hadi 39 kwa kila vizazi 1,000, na matumizi ya dripu ya kuongeza uchungu nayo yakapungua. Hakukuletwa mashine yoyote mpya. Wodi ilibaki na msongamano wake, na bado watoto wengi zaidi waliishi huku dawa kidogo zaidi ikitumika.

Halafu kuna kupimwa njia. Mwongozo unasema kila saa nne yatosha kwa uchungu unaokwenda sawa. Hospitali ya kufundishia ina wanafunzi, na wanafunzi lazima wajifunze. Hospitali Kuu ya Pwani ni ya kufundishia na hilo ni jema kwa mkoa mzima. Ila mwanamke si ubao. Akiombwa, wengi hukubali. Ni wachache Mombasa watakaomnyima msichana anayesomea ukunga, akiwaambia jina lake na kwa nini anataka kupima. Kinachokera ni pazia kufunguliwa, watu watatu kuingia wakizungumza wao kwa wao, na mkono kuanza kazi kabla ya salamu.

Hapa ndipo msemo mwingine hutolewa kama rungu: mficha uchi hazai. Mkunga mwenye upole akiusema humfariji mwoga. Mwenye ukali akiusema, maana yake ni "nyamaza". Kwa mwanamke wa Mji wa Kale aliyelelewa kwa sitara na buibui, kufunuliwa mbele ya wanaume wasiomhusu si jambo dogo la aibu ambalo uchungu utamsahaulisha. Dini yenyewe humruhusu atibiwe na mwanamume panapokuwa na dharura na hakuna mwanamke. Kinachoombwa ni pazia, shuka, na wasio na kazi watoke. Gharama yake ni kitambaa.

Sijaona hali hii ikipimwa hadharani Mombasa kwa namba, lakini imepimwa kwingine kwa macho na si kwa kukumbuka tu. Watafiti walioketi katika wodi za Ghana, Guinea, Nigeria na Myanmar, na matokeo yao kutoka 2019, waliandika kila walichokiona: asilimia 59 ya kupimwa njia kulifanywa bila ridhaa, na asilimia 75 ya kuongeza njia vilevile. Upasuaji wenyewe, asilimia 13. Angalia namba hizo zinavyokwenda. Vitendo vinavyoonekana vidogo ndivyo ridhaa yake husahaulika zaidi. Nchini Kenya mradi wa Heshima, uliofanyika katika vituo 13 kuanzia 2011, ulikuta mwanamke mmoja katika kila watano akisema alidharauliwa au kudhulumiwa kwa namna fulani wakati wa kujifungua.

Sheria yetu haina kigugumizi katika hili. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya ikiwamo ya uzazi, na kifungu cha 28 kinalinda utu wake. Sheria ya Afya ya 2017 inakwenda ndani zaidi. Sehemu ya 8 inataka mgonjwa aelezwe hali yake, njia za tiba zilizopo, faida, hatari na gharama zake, na haki yake ya kukataa. Tena kwa lugha anayoifahamu. Sehemu ya 9 inasema huduma isitolewe bila ridhaa baada ya kuelezwa, kisha inataja pasipohitajika, kwa mfano: mgonjwa asiyeweza kutoa ridhaa, dharura, au pale kuchelewa kunapoweza kuleta kifo au madhara yasiyorekebika na mgonjwa mwenyewe hajakataa. Zingatia maneno hayo ya mwisho. Hata hatari ya kuchelewa haimfuti mwanamke aliye na akili zake aliyesema hapana.

Sheria haimtaji mume kama mwenye sahihi ya mkewe aliye na fahamu zake. Desturi humtaja. Bado hutokea mama mzima aliyefikisha umri, anayejua kusoma, analala kitandani huku simu zinapigwa kumtafuta mume bandarini au mavyaa nyumbani ili "atie sahihi". Kwa familia, kushauriana ni uungwana na hakuna wa kuupinga. Kwa hospitali, kusubiri sahihi hiyo ilhali mwenye mwili amekwisha kukubali ni kumhatarisha, na kuipokea ilhali mwenye mwili hajaulizwa ni kuvunja sheria.

Itazame fomu yenyewe. Ni karatasi moja, kwa kawaida ya Kiingereza. "Mimi", nukta nukta, "nakubali kufanyiwa", nukta nukta, "ambao umeelezwa kwangu na Daktari", nukta nukta. Nafasi ya kwanza hujazwa na muuguzi kwa kuangalia faili. Ya pili huandikwa herufi mbili. Ya tatu, jina la daktari aliyeeleza, mara nyingi ni la daktari ambaye bado ananawa mikono. Mama anapewa kalamu mlangoni pa chumba cha upasuaji, dripu mkononi, kati ya uchungu mmoja na mwingine. Chini kabisa fomu nyingi za aina hii hubeba sentensi inayoruhusu hatua nyingine yoyote itakayoonekana ya lazima. Sentensi hiyo ina maana njema, daktari akikuta damu inamwagika asisimame kuuliza. Lakini ni mlango, na mlango hauchagui wa kuingia.

Mwaka 2012 shirika la African Gender and Media Initiative lilitoa ripoti yenye ushuhuda wa wanawake 40 wanaoishi na virusi vya UKIMWI waliofungwa kizazi bila ridhaa ya kweli. Baadhi yao walifungwa wakati wa upasuaji wa kujifungua. Baadhi walikuwa wametia sahihi karatasi wasizozielewa. Kesi zilifuata, na Desemba 2022 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba haki za mmoja wao, aliyefungwa kizazi mwaka 2006 akijifungua kwa upasuaji, zilivunjwa. Kabla ya hapo, Machi 2018, Jaji Abida Ali-Aroni wa Mahakama Kuu ya Bungoma alimpa shilingi milioni 2.5 mama aliyeanzishiwa uchungu hospitalini mwaka 2013, akaachwa ajifungulie sakafuni, kisha akapigwa na wauguzi. Huko Uingereza, ambako mahakama zetu huazima hoja, kesi ya Montgomery ya 2015 ilihamisha kipimo: si tena kile ambacho daktari wa kawaida angesema, bali kile ambacho mgonjwa yule angetaka kujua. Hiyo nayo ilikuwa kesi ya uzazi.

Nimesikia jibu la wauguzi na sitalipuuza. Usiku mmoja, wakunga wawili, wanawake kumi, mmoja anavuja damu. Nani ana wasaa wa mihadhara? Ni swali la haki, na serikali za kaunti ambazo tangu ugatuzi wa 2013 zimepitia mgomo baada ya mgomo hazina uso wa kumhubiria muuguzi heshima. Lakini kuomba ridhaa si mhadhara. "Mama, mimi naitwa fulani. Mapigo ya mtoto yanashuka. Nataka nikukate kidogo chini atoke haraka, nitakupiga ganzi. Sawa?" Sekunde kumi hazifiki, na mikono inaendelea kuandaa vifaa. Anayesema hakuna wakati kwa kawaida huwa amepata wakati wa kufoka.

Na kama wakati ni mfupi leba, kliniki ni mrefu. Mjamzito huketi benchini miezi kadhaa, asubuhi baada ya asubuhi, akisubiri kupimwa uzito na presha. Kile kijitabu cha mama na mtoto kina ukurasa wa mpango wa kujifungua: utazalia wapi, nauli utaipata wapi, nani atakusindikiza, nani atakutolea damu. Yote ya maana. Hakimwulizi kama ameelezwa kuongeza njia ni nini, au kwamba ana haki ya kuuliza sababu ya dripu. Mazungumzo ya afya ya pale benchini yangeweza kulimaliza jambo hili kwa Kiswahili safi kabla ya wiki ya 36, akiwa hana uchungu, akiwa na nafasi ya kwenda kushauriana na mumewe na mama yake nyumbani.

Kitu kingine kipo tayari mjini na hakihitaji mfadhili. Mwanamke wa Mji wa Kale hakuwahi kuzaa peke yake. Alikuwa na mkunga wa mtaa, shangazi, somo wake. Ukoloni ulipojenga hospitali za wazazi, kama ile iliyobeba jina la Lady Grigg, mke wa gavana wa miaka ya 1920, uliokoa maisha mengi, na pia ulimwacha yule shangazi nje ya geti. Utafiti wa sasa unamrudisha: mwenye msindikizaji aliyemchagua mwenyewe, wa kukaa naye muda wote wa uchungu, hupasuliwa mara chache zaidi na huridhika zaidi. Shirika la Afya Duniani linampendekeza kwa kila mzazi. Kikwazo kinachotajwa ni kwamba wodi haina faragha ya kuingiza wageni. Tumerudi kwenye kitambaa cha pazia.

Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno na Baraza la Wauguzi hupokea malalamiko, na mwenye dhuluma asiogope kuyapeleka. Ila malalamiko humfikia mmoja mmoja, baada ya jambo kutokea. Kinachoweza kufika kwa wote ni hesabu ya wazi. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila hospitali ipange vizazi vyake katika makundi kumi yaitwayo makundi ya Robson, ili upasuaji wa mwenye makovu mawili usichanganywe na wa msichana mzima mwenye mimba ya kwanza. Karatasi moja kwa mwezi yatosha. Serikali ya Kaunti ya Mombasa iidai kutoka kila kituo kinachozalisha kisiwani, cha umma na cha binafsi, iongeze safu mbili, ya walioongezewa njia na ya waliotundikiwa dripu ya uchungu, na iibandike ukutani kwenye kliniki ambako wajawazito huketi.